Kisima Kinapumua: Kuijua Akwifa Bila Kuwasha Pampu

(Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa watu wa visima na maji. Walioshindwa kufika waliiomba, basi nimeiandika nzima kama nilivyoisema, ila michoro niliyoonyesha ukutani nimeiruka.)

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu habari za asubuhi, na nyie mliosimama kule nyuma njooni mbele bana, viti vipo.

Naanza na swali. Ukienda kwenye kisima kirefu ambacho hakipampwi, ukashusha ule utepe unaolia ukigusa maji, ukaandika namba yako vizuri, halafu kesho yake saa ile ile ukarudi ukapima tena, hivi utakuta namba ile ile? Wanaosema ndio wanyooshe mikono. Haya, asanteni, mikono ni mingi, na msione aibu maana mimi zamani ningenyoosha yote miwili.

Jibu ni hapana. Maji ya kisimani hayatulii. Yanapanda na kushuka usiku na mchana, sentimita moja leo, kumi kesho, na hakuna mtu aliyegusa pampu. Kisima kinapumua. Na kila pumzi ina kilichoisukuma, inaweza kuwa hewa, inaweza kuwa bahari, mwezi, mvua, hata treni, na ukishajua msukumo ulikuwa mkubwa kiasi gani na maji yaliitikia kiasi gani, akwifa, yaani lile tabaka la mchanga au mwamba chini ya ardhi linaloshika maji, imeshakutajia tabia zake. Hayo ndiyo niliyokuja kusema. Kisima kiliongea siku zote, sisi ndio tulikuwa tunayafuta maneno yake tukidhani ni makosa ya kipimo.

Tabia gani hizo? Ziko nyingi lakini leo nataka mbili tu. Ya kwanza ni upitishaji, yaani akwifa inapitisha maji kirahisi kiasi gani, tuite T. Ya pili ni uhifadhi, yaani usawa wa maji ukishuka mita moja akwifa inaachia maji kiasi gani kwa kila mita ya mraba ya ardhi, tuite S. Mkishika hizo mbili tunakwenda pamoja mpaka mwisho.

Najua mnachosema moyoni, si tunapampu tu tunapata zote mbili? Ndio, tunapata. Mwaka 1935 Mmarekani mmoja, Charles Theis, alitupa njia hiyo, na alivyoipata ni utamu mtupu. Aliona kwamba maji yanavyokimbilia kwenye kisima kinachopampwa ni kama joto linavyokimbilia kwenye kitu cha baridi, akamuuliza rafiki yake mwanahesabu, Lubin, hesabu za joto zinasemaje kuhusu jambo kama hilo, jibu likaja, na sote tumekula mkate kwa jibu hilo mpaka leo. Siipingi kabisa. Lakini kupampu kwa siku mbili tatu kunataka mashine, kunataka mafuta, kunataka pa kuyamwaga yale maji yasirudi chini pale pale yakakuharibia jaribio, na kisima cha watu kikiwa kinatumika hukubaliwi kukichezea. Sasa je, kama kuna mtu anaisukuma akwifa bure kila siku, bila kuchoka, na ukubwa wa msukumo wake unajulikana, kwa nini usimsikilize huyo kwanza?

Ngoja niwape kisa changu mwenyewe, na ni kisa cha aibu.

Nilikuwa kijana, nimepewa visima vya kuangalia, nikaona kimoja kimeshuka sentimita 11 ndani ya siku tatu. Hakipampwi. Jirani hakuna pampu. Nikaandika ripoti, na niliandika kwa kujiamini, kwamba kuna mtu anachota maji kwa siri sehemu fulani. Ikaitwa timu, watu wakazunguka siku nzima juani wakitafuta pampu ya mwizi. Hakukuwa na mwizi. Wiki iliyofuata maji yakarudi yenyewe juu, tena yakapita pale yalipokuwa mwanzo. Mzee mmoja wa kazi, mtu wa maneno machache, akaniuliza, kijana, uliangalia barometa? Mimi nikasema mzee, barometa ni ya watu wa hali ya hewa, mimi ni mtu wa maji. Akacheka mpaka akakaa chini.

Siku zile tatu mgandamizo wa hewa ulikuwa umepanda milibaa 22. Milibaa moja ni sawa na maji ya kina cha sentimita 1 na kidogo, kwa hiyo hewa ilikuwa imeongeza uzito wa sentimita 22 na kidogo za maji, na kisima kikashuka 11. Nusu hivi. Mwizi wangu alikuwa hewa.

Lakini hapo kuna swali la maana zaidi, na naomba mtulie kidogo. Kwa nini nusu? Hewa inagandamiza kila mahali sawasawa, inagandamiza ardhi, inagandamiza na maji yaliyo ndani ya kisima kwa sababu mdomo wa kisima uko wazi. Kwa nini basi maji yashuke, si yabaki palepale?

Sikilizeni. Ndani ya kisima hewa inakaa juu ya maji moja kwa moja, uzito wote unaangukia maji. Pembeni, kwenye akwifa iliyofungiwa chini ya tabaka la udongo mzito, uzito ule ule unabebwa na wawili, mwamba na maji. Mwamba unachukua sehemu yake, maji yaliyo kwenye vitundu yanachukua iliyobaki. Kwa hiyo maji ya kisimani yanasukumwa kwa nguvu yote, maji ya akwifa yanasukumwa kwa sehemu tu, na mwenye kusukumwa zaidi anamwingilia mwenzake, maji yanatoka kisimani yanaingia kwenye akwifa, kisima kinashuka. Kinashuka kiasi gani? Kiasi kile ambacho mwamba umebeba. Kwangu ilikuwa nusu, maana yake mwamba nusu, maji nusu.

Sasa geuzeni. Weka mzigo juu ya ardhi peke yake usiuweke juu ya kisima. Maji yatafanya nini? Yatapanda! Na hapa ndipo treni inapoingia. Tangu mwaka 1892 kuna mtu anaitwa King, kule jimbo la Wisconsin Marekani, aliona maji ya kisima kilicho karibu na reli yanapanda treni nzito ikipita. Halafu mwaka 1939 Jacob, huyu ni mkubwa sana kwenye kazi yetu, akachapisha vipimo vya kisima cha Long Island, kule New York, treni inakuja inasimama, maji yanaruka juu, yanaanza kushuka taratibu kwa sababu yanakimbilia pembeni pasipo na mzigo, treni ikiondoka yanaanguka chini ya pale yalipoanzia, kisha yanarudi polepole. Yaani akwifa ni kama sponji lililolowa, ukiliweka kiganja maji yanachungulia. Naona mkono kule, ndugu yangu subiri kidogo, maswali mwisho.

Mnaona sasa utamu wake? Treni inatuonyesha fungu lililobebwa na maji. Barometa inatuonyesha fungu lililobebwa na mwamba. Mafungu ni mawili tu na mzigo ni mmoja, kwa hiyo ukiyajumlisha unapata moja kamili. Jacob aliiandika mwaka 1940 na haijatikisika. Ukipata moja umepata na jingine bila kulipima.

Na uhifadhi unaingia wapi? Unaingia hivi. Tunajua maji yanabanika kiasi gani, hiyo ni namba ya maabara, haibadiliki kutoka kisima hadi kisima. Tukijua na vitundu vya mwamba ni asilimia ngapi, na tukijua mwamba umebeba fungu gani la mzigo, tunaweza kusema mwamba wenyewe unabanika kiasi gani, na uhifadhi wa akwifa iliyofungiwa si kitu kingine, ni kubanika kwa mwamba kujumlisha kubanika kwa maji. Chukua kile kisima changu, fungu la mwamba 0.5, vitundu tuseme asilimia 20. Hesabu inatoa kwamba kila mita ya ujazo ya akwifa, presha ikishuka kwa mita moja ya maji, inaachia mililita 1.8. Mililita, jamani! Haifiki nusu ya kijiko cha chai. Akwifa ile ina unene wa mita 30, kwa hiyo zidisha, kila mita ya mraba ya ardhi inakupa mililita 54 kwa kila mita unayoshusha.

Linganisha na akwifa ya wazi, ile isiyofunikwa, mchanga wake ukishuka mita moja unakauka kweli kweli, vitundu vinabaki na hewa, unakupa lita 200 kwa mita ya mraba. Pipa zima! Pipa moja upande huu, mililita 54 upande huu, na mchanga ni ule ule. Ndiyo maana mtu akiniambia kisima changu kimeshuka mita mbili, naogopa au siogopi? Siwezi kujua mpaka aniambie akwifa yake imefunikwa au iko wazi. Mita mbili za huyu si mita mbili za yule.

Haya, S tumeipata kwa barometa na karatasi. Bado T.

Kwa T twende baharini. Watu wa pwani hamna haja ya kufundishwa kupwa na kujaa, lakini je, mnajua kwamba kujaa kwa bahari kunatembea chini ya ardhi? Bahari ikijaa inasukuma maji ya akwifa, ule msukumo unaingia nchi kavu kama wimbi, unapungua kadiri unavyoenda na unachelewa kadiri unavyoenda. Jambo lenyewe ni la kale sana, Plinio Mrumi aliandika karne ya kwanza juu ya kisima karibu na hekalu la Hercules kule Gades, mji unaoitwa Cádiz siku hizi, kwamba maji yake mara yanakwenda pamoja na bahari mara yanakwenda kinyume. Wazee wale walibishana sana juu ya hilo la kinyume. Mimi nadhani mtu aliyezoea mawimbi ya akwifa hashtuki, wimbi likichelewa saa sita na kidogo litakuwa linajaa wakati bahari inapwa, basi.

Tufanye hesabu, na msikimbie, ni hesabu ya dakika mbili. Kisima kiko kilomita 1 kutoka ufukweni. Bahari inapanda na kushuka mita 1 juu na chini ya usawa wa kati, kisima kinapanda na kushuka sentimita 20. Moja ya tano. Chukua logi asilia ya 5, ni 1.6 na kidogo, igawe kwa umbali, ifanye kipeo cha pili, ingiza na muda wa kupwa na kujaa ambao ni saa 12 na dakika 25, unapata T gawanya kwa S ni mita za mraba milioni 2.3 hivi kwa siku.

Mmesikia nilivyosema? T gawanya kwa S. Sikusema T. Bahari haikupi T hata ukilia, inakupa uwiano tu, kwa sababu wimbi linalofika mbali linaweza kuwa limefika mbali kwa kuwa akwifa inapitisha sana au kwa kuwa haihifadhi kitu njiani, na kisima hakiwezi kuzitenganisha sababu hizo mbili. Wangapi nimewaona wanaandika T kwenye ripoti kutokana na bahari peke yake, S wameitoa kwenye jedwali la kitabu, wamekisia, na kosa la kukisia S mara kumi linakuwa kosa la T mara kumi vile vile! Lakini sisi S tunayo. Si tumeipata kwa barometa? Milioni 2.3 zidisha kwa ile S yetu, ambayo ni sehemu 54 kwa milioni (zile mililita 54 kwenye mita ya ujazo yenye mililita milioni), unapata T kama mita za mraba 125 kwa siku. Gawa kwa unene wa mita 30, mita 4 na kidogo kwa siku. Huo ni mchanga, tena mchanga wa kawaida kabisa, na ukienda kuangalia udongo uliotoka wakati wa kuchimba utakuta mchanga. Hewa imetupa nusu, bahari imetupa nusu, pampu haijawashwa.

Na ili muone nguvu ya ule mfuniko, mchanga huo huo ungekuwa wazi, wimbi lingepungua mpaka moja ya tano ndani ya mita 16 tu. Kilomita moja kwa mita 16. Kwa hiyo kisima kilicho mbali na bahari kikicheza na bahari, kabla hujafanya hesabu yoyote umeshajua kimefunikwa.

Sasa hapa nataka nikae kidogo maana ndipo watu wanapoteleza. Ule wimbi unakupa vipimo viwili, kupungua na kuchelewa, na vyote viwili vinapaswa kutoa jibu moja. Kwa mfano wetu, kupungua mpaka moja ya tano lazima kuendane na kuchelewa kwa saa 3 na dakika 11. Lazima. Kama kisima kimepungua mpaka moja ya tano lakini kimechelewa dakika 40 tu, usichukue wastani! Nawaomba, usichukue wastani. Kuna kitu akwifa inakuambia. Mara nyingi inakuambia kwamba imeingia chini ya bahari, na bahari ikijaa inaikalia juu kama ile treni, mzigo unasikika papo hapo bila kusubiri wimbi litembee. Kutopatana kwa majibu mawili nako ni jibu.

Au saa ya loga, kile kifaa kinachojiandikia chenyewe usawa wa maji, ni mbovu. Hili nalo ni kweli, msicheke. Mwenzangu mmoja alipata T/S iliyo zaidi ya mara mbili ya tuliyotegemea, tukajenga nadharia nzuri sana za nyufa na mikondo ya kale ya mto iliyofukiwa, tukachora hata ramani. Kumbe loga ya kisimani na ile ya baharini ziliwekwa saa kwa laptopu mbili tofauti, moja iko mbele saa moja. Badala ya kuchelewa saa 3 na dakika 11 tukasoma saa 2 na dakika 11, na kwa kuwa kuchelewa kunaingia kwenye hesabu kwa kipeo cha pili, kosa la saa moja likawa mto wa kale. Ramani bado ninayo.

Mtaniuliza, sisi tusio na bahari je? Mko mbali, bara kabisa, mfanye nini?

Mwaka 1880 mtu anaitwa Klönne aliandika juu ya migodi ya makaa ya mawe iliyofurika maji kule Dux, Bohemia, leo ni Duchcov ya Ucheki. Migodi imejaa maji, watu wanaangalia usawa wake, na maji yakawa yanapwa na kujaa mara mbili kwa siku. Bohemia! Bahari iko wapi Bohemia? Hakuna bahari, kuna mwezi. Mwezi hauvuti bahari peke yake ndugu zangu, unavuta na miamba, ardhi mnayoikanyaga inainuka na kushuka, na miamba ikivutwa vitundu vinapanuka kidogo sana na maji ya kisimani yanashuka, ikiachiwa yanapanda.

Kidogo sana kiasi gani? Kila mita ya ujazo ya mwamba inapanuka, tuseme, mililita 0.02. Hiyo haifiki tone moja la maji. Kweli kisima kitasikia kitu cha chini ya tone? Rudini kwenye namba yetu, mita ya ujazo ile inaachia mililita 1.8 kwa mita moja ya presha. Gawa 0.02 kwa 1.8. Sentimita 1 na kidogo. Na sensa ya siku hizi inasoma milimita. Tena ona uzuri wake, kadiri S ilivyo ndogo ndivyo maji yanavyocheza zaidi, kwa hiyo kutoka kwenye mwezi unapata S nyingine ya kulinganisha na ile ya barometa, na zikikubaliana unalala vizuri.

Ila msichanganye mwezi na jua. Hewa nayo ina mapigo yake ya saa 12 kamili, yanatokana na jua kuipasha joto, na yanaingia kisimani yakijifanya ni mvuto. Pigo kuu la mwezi ni la saa 12 na dakika 25. Dakika 25 tu ndizo zinazowatenganisha! Sasa utawatenganishaje? Kwa kusubiri. Mabaharia walishatuonyesha, mwezi na jua wakikubaliana ni bamvua, wakigombana ni maji mafu, na kutoka bamvua moja mpaka nyingine ni siku 14 na robo tatu. Kwa hiyo data ya siku kumi, hata iwe ya kila sekunde, haiwezi kuwatenganisha. Mtu akiniletea wiki moja ya loga na kuniambia amepata jibu la mwezi, namrudisha shambani. Mimi nataka mwezi mzima angalau, kipimo kila dakika 15, kila saa pia inatosha, na barometa pembeni muda wote.

Kuchelewa pia kupo hapa, lakini ni kwa namna nyingine. Mwamba unaitika mara moja, ila maji yanahitaji muda wa kuingia na kutoka kisimani, na muda huo unategemea T ya pale pale jirani na kisima. Hii wenzetu wameitumia kwa jambo ambalo pampu isingeliweza kamwe. Kule Piñon Flat, California, kuna visima vilivyopimwa kwa miaka kama 20, na mwaka 2006 mtafiti Elkhoury na wenzake walionyesha kwamba matetemeko saba ya eneo lile yalipopita, kila mara kule kuchelewa kulibadilika ghafla, yaani upenyezaji wa mwamba, ule urahisi wa maji kupita ndani yake, umeongezeka, mpaka mara tatu, halafu unarudi taratibu. Baada ya tetemeko kubwa la Wenchuan, China, Mei 12, 2008, shimo lilichimbwa mpaka kwenye ufa wenyewe, na kwa mapigo ya mwezi tu watafiti wakautazama ufa unavyojifunga, upenyezaji unapungua mwezi baada ya mwezi. Ungeweza kupampu ufa ule kila siku kwa mwaka mzima na nusu? Nani angelipa, na ungekuwa umeusumbua wenyewe.

Mvua nitaipita haraka kwa sababu wengi mnaifahamu. Akwifa ya wazi, maji yaliyofika chini gawanya kwa kimo kilichopanda, umepata S. Milimita 60 zimeingia, maji yamepanda sentimita 30, ni 0.2. Mwamba mgumu wenye nyufa chache unaweza kuwa 0.01, milimita hizo hizo 60 zinakipandisha kisima mita 6 na watu wanashangilia mafuriko ya baraka, kumbe maji ni yale yale. Tahadhari moja tu. Kuna kijiji Uholanzi kinaitwa Lisse, na jambo lenyewe limechukua jina la kijiji. Mvua kali ya muda mfupi inalowesha udongo wa juu, inafunga hewa katikati kama kifuniko cha chupa, hewa iliyonaswa inayasukuma maji na kisima kinaruka ghafla, wakati hakuna hata tone lililofika chini. Kikipanda haraka kuliko akili inavyokubali na kikarudi baada ya siku chache, msikihesabu kuwa ni maji yaliyoingia.

Mambo ya mikono sasa, halafu nakaa.

Loga isiyo na mrija wa hewa inapima maji pamoja na hewa iliyo juu yake. Lazima utoe hewa. Nimeona watu wanasahau, halafu wanasema kisima chao kimetulia kabisa, kumbe kina mwamba mgumu uliobeba karibu mzigo wote, maji yanashuka kwa kiasi kile kile hewa inachoongeza, jumla haibadiliki, mstari umenyooka kama uzi. Barometa yenu isikae juani wala ndani ya gari. Kisima kipana cha kuchimbwa kwa jembe msikitegemee kwa mambo ya mwezi, maji mengi lazima yaingie ndio usawa uinuke milimita moja, kinasikia kwa kuchelewa mno. Na tafadhali sana, hizi programu zinazolainisha grafu, zile zinazochukua wastani wa siku ili mstari uwe mzuri kwa bosi, zinafuta mwezi, zinafuta bahari, zinafuta treni, yote tuliyoyasema asubuhi hii. Hifadhini data mbichi. Lainisheni nakala.

Na msiende kumwambia mtu kwamba kwa njia hii mmejua kisima chake kitatoa lita ngapi kwa saa kwa miaka kumi. Hamjajua. T na S mnazo, lakini mipaka ya akwifa na mahali maji yanapoingilia hamjaviona, huko pampu ya siku nyingi bado ina kazi, tofauti ni kwamba sasa mtaiwasha mkiwa tayari mnajua mnategemea kuona nini, na msipokiona mtajua mahali pa kuuliza.

Nimemaliza. Ndugu yangu uliyenyoosha mkono tangu kwenye treni, samahani kwa kukuchosha, simama utuulize.